Jinsi ya Kutunza Baridi

Baba yake Dada Nyuzi alifanya kazi katika kiwanda cha barafu tangu ndevu zilipoanza kumwota mpaka zikawa nyeupe, na katika muda huo wote alilitamka neno moja kuliko maneno yake mengine yote yakijumlishwa. Neno lenyewe lilikuwa "Mlango!" Aliwapigia kelele hiyo wapakiaji wakiingia chumba cha baridi na wakitoka. Alimpigia meneja. Siku moja alimpigia mheshimiwa aliyekuja kuzindua mtambo mpya na kusimama kizingitini akihutubia. Mheshimiwa, kwa kushtuka, akaurudisha mlango kwa mkono wake mwenyewe, akabaki ndani gizani na hotuba yake huku wageni waalikwa wakiwa nje. Hata alipostaafu hakuna aliyekuwa akikumbuka jina lake la kuzaliwa. Aliitwa Mzee Mlango, naye aliitika.

Kiwanda alimrithisha binti yake. Si kwa hati, la, kiwanda kilikuwa na wenyewe. Alimrithisha tabia. Dada Nyuzi alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na shingoni alivaa kipimajoto kwa kamba kama refa anavyovaa filimbi. Wapakiaji walidai kwamba hata akitaka kunywa chai hukitumbukiza kwanza kile kitu, asome nyuzi za joto, ndipo anywe. Huo ulikuwa uongo, lakini hakuukanusha, maana msimamizi asiyesingiziwa jambo haogopwi.

Kwa wasioijua kazi hii, ni vyema ielezwe kwa heshima zote. Chumba cha baridi kina kuta nene, hakina dirisha, na kina mlango mmoja mzito. Baridi iliyomo humo ni kama siri: mlango ukiachwa wazi kidogo tu, imeshafika sokoni. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kufunga. Sheria ya pili ni kufunga vizuri. Ya tatu hakuna aliyewahi kuifikia. Nyuma ya jengo, upande wa majitaka ambako watu hawapendi kwenda, kulikuwa na mashine inayonguruma mchana na usiku na kutema hewa ya moto kama mtu mwenye kinyongo. Mashine hiyo Mzee Mlango aliiona ni jambo la mafundi. Kazi yake ilikuwa mlango.

Basi joto likaja, bila hodi.

Siku za mwanzo watu walilitania. Walisema jua limehamia mtaani na linatafuta chumba cha kupanga. Kisha lami ikalainika, viatu vikawa vinabaki barabarani mwenyewe akitangulia, na utani ukapungua. Redio ilisema nchi za mbali nako reli zimepinda kwa joto, misitu inaungua yenyewe, na kwingine mito imeingia majumbani bila kuvua viatu. Iliwashauri wananchi wanywe maji mengi, katika mtaa ambao mabomba yake yalikuwa yakikohoa tu. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi, lakini hakuna aliyeonekana akicheza.

Mzee na binti yake walikaa ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili chini ya mabati, juu ya duka la fundi cherehani. Mtaa ulikuwa mwembamba. Jengo la pili, ng'ambo ya barabara, lilikuwa na kimo kilekile na mabati yaleyale, na dirisha lililotazamana na la mzee lilikuwa la Mama Dereva. Huyu alikuwa mjane ambaye mwanawe aliendesha malori ya safari ndefu na kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Mama Dereva hakumsikiliza mtu yeyote. Daktari alimkataza chumvi, akabadilisha daktari. Lakini na Mzee Mlango walizungumza dirisha kwa dirisha kila asubuhi, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia na kujifanya hausikii.

"Jirani!" aliita siku moja ya joto lile, amejifunika kitambaa kilicholowa kichwani. "Wewe unayeijua baridi tangu inazaliwa, niambie nifanye nini. Naiva huku. Bado kutiwa chumvi tu, na chumvi nimekatazwa."

Mzee Mlango alikuwa amelisubiri swali hilo maisha yake yote.

"Funga," alisema.

"Nifunge nini?"

"Kila kitu. Dirisha, mlango, ufa, tundu la ufunguo. Joto liko nje, siyo? Sasa wewe unaliachia dirisha wazi, unataka likuandikie barua? Ziba kwa matambara. Halafu weka bonge la barafu kwenye beseni, kaa karibu yake, tulia. Binti yangu atakuletea."

"Nitazimia, mzee."

"Mimi nimekaa ndani ya chumba kilichofungwa miaka yote. Nimezimia?"

"Hukuzimia, lakini tazama ulivyotoka. Tangu mkeo afariki hakuna hata mmoja aliyepata upenyo wa kuingia, umefunga kila mahali."

Chini kwenye kibaraza, fundi cherehani alicheka mpaka akajichoma sindano. Alikuwa mtu mwembamba mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, na kibaraza chake kilikuwa na kivuli, na upepo ulipita hapo kutoka uchochoroni, mdogo lakini wa kweli. "Wazee wangu," alipaza sauti, "teremkeni mkae hapa na sisi. Huko juu ni kikaangio hicho, mkifunga mtakuwa mmekiwekea na mfuniko."

"Fundi," alijibu Mzee Mlango kutoka juu, kwa upole wa mtu anayemhurumia mjinga, "suruali yangu ikipasuka nitakuja kwako."

Dada Nyuzi alikuwa ndani akivaa gwanda la kazi, na alimuunga baba mkono. Hilo lazima lisemwe. Alikuwa amelala vibaya, kazini foleni ya wateja ilikuwa imezunguka ukuta, hospitali ilitaka barafu, wauza samaki walitaka barafu, chumba cha maiti kilitaka barafu na hakikutaka maelezo. Katika vurugu hiyo ilikuwa faraja kuwa na jambo moja analolijua kwa hakika. Kila asubuhi kabla ya zamu alileta mabonge mawili yaliyofungwa kwa gunia na pumba za mbao, moja la baba, moja la jirani. Alitundika blanketi dirishani, akasokomeza matambara chini ya mlango, akapima. Kwa kitambo kile cha asubuhi kipimajoto kilishuka kweli, na baba na binti walitazamana kama watu waliomshika mwizi.

Kisha alikwenda kazini, na hakuna aliyepima mchana.

Siku umeme ulipokatika mji mzima, ulikatika kabla ya jua kufika utosini. Mashine ya nyuma ya kiwanda ikakohoa na kunyamaza. Jenereta ikawashwa, ikanguruma kidogo, nayo ikazimika kwa joto.

"Mlango!" Dada Nyuzi alifoka, bila kufikiri. "Asiingie mtu, asitoke mtu! Tufunge tuokoe tuliyo nayo!"

Wakafunga. Wakakaa kivulini ukutani, wapakiaji na fundi mitambo, mzee mfupi aliyenuka grisi na kuamini kwamba kila mtu asiye fundi ni abiria. Saa zikapita. Hatimaye Dada Nyuzi akafungua mlango kidogo achungulie hali ya mabonge.

Kilichotoka hakikuwa baridi. Kilitoka kitu kama pumzi ya mnyama, cha uvuguvugu, kizito, chenye maji. Kuta zilikuwa zinatiririka. Kioo cha kipimajoto kilifunga ukungu mara moja. Akajaribu kuvuta hewa, ikawa kama kuvuta shuka lililofuliwa.

"Lakini tulifunga," alisema.

"Ulifunga nini, dada?" fundi mitambo alisema. "Mlango hauleti baridi. Inayoleta baridi ni ile mashine kule nyuma. Inachukua joto la humu ndani inalitupa nje. Mashine ikifa, ukifunga mlango unalifungia joto na maji yake humohumo. Na hapa kuta ni nene. Ingekuwa chini ya bati, aliyemo angeshaiva."

Hakumaliza. Msimamizi wa zamu alikuwa ameshatoka getini.

Mtu mzima hakimbii mchana bure. Kama hafukuzi, basi anafukuzwa. Watu wachache waliokuwa vivulini walimtazama Dada Nyuzi akipita na gwanda lake zito, kipimajoto kikimpiga kifuani, na hakuna aliyemtania. Viatu vilishika lami, akavivua, akajuta, akavivaa tena. Njia nzima aliona jambo moja tu: mikono yake mwenyewe ikisokomeza matambara chini ya mlango, kwa ustadi.

"Fundi!" alipiga kelele kabla hajafika. "Panda na mimi! Baba!"

Fundi cherehani hakuuliza. Walipanda ngazi pamoja. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo ndani. Wakaugonga, wakaita, kisha fundi, ambaye uzito wake wote ulikuwa wa kilo chache na futi ya nguo, akajitupa mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu Dada Nyuzi akajitupa pamoja naye, komeo likang'oka.

Ile pumzi ya kiwandani ilikuwa humo, lakini ya moto. Juu mabati yalikuwa yanalia ta, ta, ta. Kwenye beseni kulikuwa na maji matupu, na kando yake Mzee Mlango ameegemea ukuta, macho wazi, ngozi inawaka kama birika.

"Pakieni hayo ya mwisho," alikuwa akimwambia mtu ambaye hakuwemo chumbani. "Msiyapange ubavu. Mmeambiwa msiyapange ubavu."

"Baba, ni mimi."

"Wewe ndiye nani? Umeingiaje bila gwanda?"

Walimweka kwenye kiti na kumteremsha nacho, fundi mbele, binti nyuma, na kila ngazi ilikuwa mbali na mwenzake. Kwenye kibaraza wateja waliokuwa wakipunga upepo wakasimama wote. Hospitali haikupokea simu, kisha ikapokea, na muuguzi mwenye sauti iliyochoka akasema magari yote yako njiani: mloweshe, mpepee, mloweshe tena, msiache. Fundi akachukua nguo iliyokuwa karibu, suti nyeupe ya bwana harusi ambayo ilikuwa bado kutiwa vifungo, akaichovya kwenye ndoo na kumfunika nayo mzee kuanzia kifuani. Mtu akapepea kwa boksi la kadibodi. Mwingine kwa sinia. Dada Nyuzi alimmwagia maji kichwani kwa kikombe, akihesabu pumzi zake, akikosea, akianza upya.

Ilichukua muda mrefu. Kisha Mzee Mlango akafumba macho, akafumbua, akatazama alichofunikwa.

"Nani anaoa?" aliuliza.

Watu wakacheka kwa kelele kubwa kuliko mzaha ule ulivyostahili, na Dada Nyuzi akakaa chini sakafuni na kufuta uso kwa mkono wa gwanda. Alikunywa maji yaliyobaki kwenye kikombe. Mzee naye akanyweshwa. Alitulia, akaangalia mtaa, akainua macho taratibu mpaka ghorofa ya ng'ambo.

"Jirani yuko wapi?" alisema.

Wote walitazama juu. Dirisha la Mama Dereva lilikuwa limefungwa, na nyuma ya kioo kulikuwa na blanketi.

Dada Nyuzi na fundi walivuka barabara. Safari hii hawakukimbia ngazi zote. Za mwisho walizipanda polepole, maana walikuwa wamegonga ukuta kutokea chini na kuita, na walikuwa wamesikiliza.

Walipousukuma mlango mpaka ukaachia, walimkuta Mama Dereva amelala kwenye mkeka, kwa ubavu, mkono mmoja ukiwa ndani ya beseni. Matambara yalikuwa kila mahali, yamekunjwa vizuri na kushindiliwa kwa kisu cha mezani ndani ya kila ufa. Tundu la ufunguo alikuwa amelijaza pamba. Mzee Mlango alikuwa na wanafunzi wengi katika maisha yake, wote wakaidi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtii kwa ukamilifu ule.

Fundi akavua futi shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni. "Innalillahi," alisema kwa sauti ndogo.

Walirudi kibarazani. Mzee aliwatazama nyuso, akajifunika ile suti mpaka kichwani, na akabaki hivyo.

Mama Dereva alipelekwa chumba cha maiti kumsubiri mwanawe. Joto halikuondoka kwa heshima ya msiba. Liliendelea, na watu mitaa mingine walikufa pia, wengi wao wazee, wengi wao peke yao, na redio iliwahesabu jioni jioni kati ya taarifa za bei na michezo. Mzee Mlango alilala kibarazani kwa fundi, kati ya vitambaa. Hakuongea. Alikataa barafu, hata ya kutia kwenye maji ya kunywa. Binti yake alipomwambia, "Baba, ni mimi niliyeleta yale mabonge," alitikisa kichwa tu, kama mtu anayekataa kumgawia mwingine mzigo wake.

Dereva alifika na vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye macho mekundu ya barabara, na kabla ya kupanda kwa mama yake alivuka moja kwa moja mpaka kibarazani, akainama, akamshika Mzee Mlango mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Nimekuja kukushukuru. Mama alinipigia simu siku moja kabla. Alikuwa anacheka. Aliniambia, mwanangu usihangaike, mimi huku nimekaa kama malkia, nina barafu chumbani, yule mzee wa ng'ambo ananitunza. Mimi sikuwepo, baba. Wewe ulikuwepo."

Fundi cherehani aliacha kukanyaga mashine. Dada Nyuzi alimtazama baba yake na moyo wake ukaomba, kwa aibu, kwamba anyamaze. Kijana amekwisha kushukuru. Maiti haiulizi. Neno moja tu la kuitikia, na shukrani ile ingekaa ilipowekwa, na mzee angeishi nayo siku zake zilizobaki bila mtu kumnyooshea kidole.

"Kaa," Mzee Mlango alisema.

"Nimekaa sana garini, baba."

"Kaa, mwanangu. Hili si la kuambiwa umesimama."

Dereva akakaa kwenye ukingo wa kibaraza.

"Mimi ndiye niliyemwambia afunge. Dirisha, mlango, kila kitu. Yeye hakutaka. Alisema atazimia, nikamcheka. Huyu fundi alituambia tuteremke hapa, nikamtukana suruali. Nilikuwa sijui. Nilidhani najua. Mimi wamekuja kunivunjia mlango, yeye hakuna aliyekwenda mpaka ikawa basi. Hicho ndicho unachonishukuria."

Mbali kidogo bati lililia mara moja.

Dereva alifuta vumbi la nyusi kwa kiganja. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ileile, ya upole, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Dada Nyuzi kuliko matusi.

"Mama yangu hakuwahi kumsikiliza mtu," alisema. "Baba aliishi naye akachoka. Madaktari wameshindwa. Mimi nimemwomba mara ngapi ahame pale juu. Katika maisha yake yote alimsikiliza mtu mmoja." Akasimama. "Siwezi kukwambia si kitu, maana ni kitu. Kesho asubuhi tunachimba. Ndugu ni wachache, na ardhi ni ngumu kama zege. Ukija usije na maneno. Njoo na beleshi."

Akavuka barabara, akapanda kwa mama yake.

"Hutakwenda," Dada Nyuzi alimwambia baba yake alipoondoka. "Jana hiyohiyo ulikuwa huwezi kushika kikombe. Nitakwenda mimi. Nitachimba mimi."

"Umeitwa wewe?" aliuliza mzee.

Akaenda. Alikwenda kabla jua halijachomoza, akijikongoja, beleshi la kuazima begani, binti yake akimfuata hatua chache nyuma kwa sababu alikatazwa kumshika mkono. Makaburini kulikuwa na mashimo mengi mapya, na watu wengi waliokuwa wakichimba bila kusalimiana. Dereva na jamaa zake walikuwa wameshaanza. Walipomwona walimpisha nafasi.

Udongo ulikuwa mkavu mpaka chini. Beleshi liligonga likarudi, likagonga likarudi. Mzee Mlango aliinua kiasi cha kujaza kikombe, akakitupa pembeni. Akapumzika. Akainua tena. Dada Nyuzi alisimama akiuma midomo, mikono nyuma, akimtazama baba yake akipigania kila konzi ya mchanga, na hakuingilia. Jua likatoka juu ya ukuta, na papo hapo ilikuwa kama mtu amefungua tanuri. Jasho la mzee lilikuwa linamwagika. Dereva, ndani ya shimo, aliliona, maana alikuwa akimwangalia muda wote bila kuonekana anaangalia. Aliendelea kuchimba kidogo. Kisha akanyoosha mgongo, akapanda juu, akamshika mzee beleshi na kulichukua, si kwa nguvu.

"Panatosha, mzee," alisema, akionyesha pembeni kwa kidevu. "Jua limepanda. Nenda ukakae kivulini."

Mzee Mlango akatazama upande ule alioonyeshwa. Kulikuwa na ukuta mfupi, na chini yake kivuli chembamba ambamo wanawake wa msiba walikuwa wamekaa na ndoo ya maji. Akaenda. Wanawake wakasogea, akakaa katikati yao, akapokea kikombe alichopewa, akanywa chote.